Shairi litoke, hadithi fupi isubiri

Mwandishi chipukizi wa Kiswahili mwenye hadithi fupi moja na mashairi matatu mkononi hana milango mingi ya kubisha hodi. Tuzo zipo, nazo zimefanya kazi ya kupongezwa: ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Hata hivyo, tuzo huwapata wachache, na umati uliosalia hurudi kwenye swali lile lile: kazi isubiri mhariri na kitabu, au itolewe leo kwenye simu? Wanaolijibu kwa ukali, wa upande wowote, hulichukulia shairi na hadithi fupi kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Wanaoshauri subira wana hoja nzito. Nchini Kenya, hadithi fupi ya Kiswahili imeishi kwa sehemu kubwa ndani ya diwani zinazotahiniwa katika shule za sekondari: Damu Nyeusi, kisha Tumbo Lisiloshiba, kisha Mapambazuko ya Machweo. Hadithi iliyoingia humo imepita mikononi mwa wahariri, na husomwa kuanzia Mombasa hadi Kisumu na vijana ambao pengine wasingenunua kitabu cha hadithi kwa hiari yao. Lakini mlango huu una ushuru wake. Mwanafunzi huisoma hadithi akiwa na penseli, akiwinda maneno yatakayotolewa kwenye mtihani, maana anajua ataambiwa: "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Mwandishi naye, akishaizoea njia hiyo, huanza kuandika kwa ajili yake: ufisadi uwemo, nafasi ya mwanamke iwemo, na mhusika apewe jina linalotangaza tabia yake kabla hajafungua mdomo. Maudhui hupatikana; hadithi yenyewe wakati mwingine haionekani.

Upande wa pili husema kwamba msomaji yuko kwenye simu, na anayemfuata huko hahitaji ruhusa ya mtu. Kwa Tanzania hoja hii si ngeni, kwa kuwa magazeti pendwa yalikwisha kumzoesha msomaji hadithi za mfululizo, na Facebook na WhatsApp zilirithi mtindo huo pamoja na vikorombwezo vyake vyote. Sehemu ya 14 hufunguliwa kwa "Ilipoishia", hufungwa kwa "Itaendelea" pale hasa mlango unapogongwa usiku wa manane, na anayetaka kujua ni nani anayegonga hutuma pesa kwa simu ili aunganishwe kwenye kundi. Silidharau jambo hili, kwa sababu mwandishi huyo hulipwa wiki hiyo hiyo, ilhali mwenzake mwenye kitabu husubiri mrabaha ambao mara nyingine hauji kabisa. Wizi upo, tena mwingi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi wa Tanzania, lakini jina likishakatwa na hadithi ikasambaa kundi hadi kundi, gharama ya wakili huizidi thamani ya hadithi.

Linalonisumbua zaidi ni umbo. Malipo ya kila sehemu humfundisha mwandishi kurefusha, na hadithi fupi hujengwa kwa kukata. Mhariri wangu wa kwanza alifuta ukurasa mzima wa mwanzo nilioutumia kueleza jua linavyochomoza, akaiacha hadithi ianzie pale mama mkwe anapohesabu vikombe baada ya wageni kuondoka. Nilinuna siku tatu, kisha nikaona kwamba alikuwa sahihi. Wasomaji 200 wanaoandika "nzuri sana, tupe nyingine" hawawezi kuifanya kazi ile, na si kosa lao.

Shairi lina desturi nyingine. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 na ambamo mashairi ya Shaaban Robert yalisomwa, shairi lilitoka moja moja hadharani, na malenga wa mji mwingine aliweza kulijibu kwa bahari ile ile, yaani kwa mtindo ule ule wa utunzi. Wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wahariri: mizani ikipungua katika mshororo mmoja, mwenzako angekuumbua mbele ya watu. Kurasa za mashairi magazetini bado zinalea desturi hiyo, ila mlinzi wake ni vina na mizani, na anayeandika shairi huru, nusu karne baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, mwaka 1974, bado hutazamwa kama mgeni aliyeingia na viatu. Huyo, simu ndiyo baraza lake.

Ningemshauri chipukizi, basi, alitoe shairi lake leo, gazetini likiwa la arudhi, yaani la vina na mizani, na kwenye simu likiwa huru, na awe tayari kujibiwa. Hadithi fupi aiweke kwanza, aitafutie msomaji mmoja asiyemwonea haya, aipunguze, ndipo aipeleke kwa mchapishaji. Najua ushauri huu ni mwepesi kwa asiyedaiwa kodi ya nyumba. Anayedaiwa na aandike mfululizo, alipwe, mradi ile hadithi ya kurasa nane asiivute ifike sehemu ya 60.