Dawa za dimenshia zipo, njia ya kuzifikia haipo

Agosti 2024 Uingereza iliidhinisha dawa ya lecanemab, na Oktoba ikafuata donanemab. Hizi si za kutuliza dalili tu. Zinapunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer wenyewe, ambao ndio chanzo kikuu cha dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Juni 2025 NICE, taasisi inayoamua NHS, huduma ya afya ya umma, igharamie dawa zipi, ikasema katika rasimu yake kwamba hizi zisigharamiwe: zinachelewesha ugonjwa kwa miezi minne hadi sita, na gharama ni kubwa mno.

Hesabu hiyo naielewa. Kinachoniuma ni wanaoisikia wakaona basi, hakuna haraka.

Mfuate mgonjwa mmoja. Mama wa miaka sabini anauliza jambo lilelile mara tatu kabla chai haijapoa. Wanawe wanasema ni uzee, kama tunavyosema hata huku kwetu. Akifika kwa daktari anaandikiwa kwenda kliniki ya kumbukumbu, na huko anasubiri miezi. Siku yake ikifika anaulizwa tarehe, anatajiwa maneno matano ayakumbuke, anapewa karatasi achore uso wa saa na mishale yake. Kliniki nyingi za namna hii ziko chini ya huduma za afya ya akili; hazina MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, wala chumba cha kutundikia dripu.

Kwa dawa hizi karatasi ile haitoshi. Lazima ithibitike kuwa ubongo una amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, kwa kipimo cha PET (aina ya picha ya ubongo) au kwa kutoa maji ya uti wa mgongo. Lazima apimwe vinasaba, maana mwenye nakala mbili za kinasaba cha APOE4 yuko hatarini zaidi kuvimba ubongo au kuvuja damu humo. Halafu lecanemab ni dripu kila wiki mbili, na MRI za kufuatilia. Na yote hayo ugonjwa ukiwa bado mchanga! Foleni ndefu peke yake inatosha kumfanya asifae tena kupewa dawa.

Ndiyo maana nasema fedha zianzie kwenye utambuzi. Karibu theluthi ya wenye dimenshia Uingereza hawajaambiwa na daktari yeyote kwamba wanayo. Kipimo cha damu cha p-tau217, protini inayoashiria Alzheimer, kinafanyiwa majaribio huko, na kikifaulu wengi hawatahitaji PET. Hata bila dawa mpya, anayepimwa mapema anaweza kugundulika ana upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo (thyroid) dhaifu, mambo yanayotibika. Na aliye na Alzheimer anapata muda wa kusema mwenyewe nani amsimamizie mali yake na angependa atunzwe wapi.