Mwacheni Binti Aende Akasomee Ngoma

Jumapili iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja aliyekuwa jirani yetu Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba, habari za watoto na habari za mvua, akafika kwenye lililomsumbua. Binti yake wa mwisho amepata nafasi India, kwa ufadhili, kusomea shahada ya uzamili ya bharatanatyamu, ngoma ya jadi ya kusini mwa India. Miaka miwili. "Wewe ulikwenda kule, mwanangu, na wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie aachane na mambo ya kucheza, aombe kitu cha maana. Kucheza kwenyewe si anajua tayari?"

Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni mama yangu pia. Nimekula sana kwake. Nikamwambia nitazungumza na mtoto. Lakini nilipoweka simu chini nilikaa kitandani nikalia, na tangu siku hiyo maneno yananijaa kifuani. Leo nayatoa.

Swali hilo nimelisikia kila mahali. Niliporudi na vyeti vyangu nilivipeleka kwenye ofisi moja vikakaguliwe. Karani akasoma jina la shahada yangu kwa sauti, akanyamaza, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie. Wakacheka wote wawili, nami nimesimama pale na bahasha yangu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwa miguu iliyopasuka visigino, nimeandika tasnifu, nimetetea hoja zangu mbele ya watu ambao hawakuwa na huruma hata kidogo. Wao wakasikia "kucheza", basi.

Mama, na wengine wote mnaouliza kama kucheza kunasomewa, nisikilizeni.

Hakuna anayekwenda kusomea uzamili wa bharatanatyamu ili ajifunze kucheza. Ukifika hujui, hawakuchukui. Siku ya usaili niliingizwa kwenye chumba cha sakafu ya mawe. Mwalimu ameketi chini, mbele yake kibao, mkononi kijiti cha mbao kinene. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alipiga kibao, akaanza kutamka: tai-ya-tai, tai-ya-tai. Maana yake simama, shuka, anza. Unashuka nusu ya kuchuchumaa, magoti yanatazama kulia na kushoto, mgongo umenyooka kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Mkao huo wanauita aramandi. Halafu unapiga miguu. Kasi ya kwanza, kasi ya pili ambayo ni mara mbili ya ile, kasi ya tatu ambayo ni mara mbili tena, na kile kijiti hakibadiliki. Kinabaki na mwendo wake uleule. Anayebadilika ni wewe. Nilikuwa nimejifunza Dar miaka minane kabla ya siku ile, na bado kwenye kasi ya tatu goti langu la kushoto lilipanda, naye akaliona.

Baadaye kuna mtihani wa kuongoza. Unakaa kwenye zulia na matuazi madogo mkononi, mchezaji mwingine yuko jukwaani, pembeni yako mwimbaji na mpigaji wa ngoma iitwayo mridangamu, na wote wanne mnakwenda kwa mdomo wako. Ukikosea silabi moja mchezaji anakanyaga pengo. Kuna mtihani wa mdomo pia. Mkono mmoja, vidole vimenyooka, kidole gumba kimekunjwa, unaitwa pataka, wa kwanza kati ya ishara 28 za mkono mmoja zilizoorodheshwa katika Abhinaya Darpana, kitabu cha kale cha ishara za ngoma. Mtahini anakunyooshea mkono huo anakuuliza matumizi yake. Unayataja kwa Kisanskriti, kwa kichwa: mwanzo wa ngoma, wingu la mvua, msitu, kukataza, usiku, mto. Kisha anakwambia, sasa nioneshe usiku, halafu nioneshe mto, kwa mkono huohuo, nami nijue tofauti bila wewe kusema neno.

Lakini yote hayo mtu angeweza kuyapata kwa mwalimu mzuri wa nyumbani. Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kule kusini, wako walimu wa namna hiyo hawana shahada hata moja na hakuna profesa anayewafikia. Ninachompigania huyu binti ni kitu ambacho hatakipata kwa kijiti na kibao.

Nilisoma Baroda, mji wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, ambao kwenye ramani siku hizi ni Vadodara. Kule kusini, kwenye chimbuko la ngoma hii, kila mtu hudhani inaishia mipaka ya Tamil Nadu. Nami nilijiuliza wiki ya kwanza: ngoma ya Kitamil imefikaje Gujarat, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa treni? Jibu nilipewa darasani, kwenye kipindi cha historia, mchana wa joto kali, na sijawahi kulisahau.

Mwaka 1880 Maharaja Sayajirao wa Tatu wa Baroda alioa binti wa kifalme kutoka Thanjavur, kule kusini kwa Watamil. Bi harusi alipoletwa kwa mumewe, katika vitu alivyotoka navyo kwao walikuwemo wacheza ngoma, pamoja na walimu wao na wapigaji wao. Watu. Walitolewa kwao wakapelekwa ugenini kwenye lugha wasiyoijua, ili ikulu ya bwana harusi iwe na ngoma. Wawili kati ya wanawake hao majina yao yamebaki: Gaura na Kantimati. Na mtoto wa Kantimati, Kubernath Tanjorkar, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa bharatanatyamu katika mji huohuo. Nilikuwa nimepiga miguu kwenye sakafu ya Baroda siku kadhaa bila kujua kwamba njia yangu pale ilifunguliwa na mwanamke aliyesafirishwa pamoja na vyombo vya harusi.

Miaka minane ya kujifunza, na hakuna aliyewahi kunitajia Kantimati. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ngoma hii ina miaka elfu mbili, ilitoka kwa miungu, ikaandikwa na Bharata kwenye Natya Shastra, kitabu cha kale cha sanaa za jukwaani, ikachongwa kwenye kuta za hekalu la Chidambaram katika mikao yake 108, halafu siku moja ikawa imefika kwetu, safi. Katikati palikuwa na shimo, na shimo hilo lina wanawake ndani yake.

Ni wanawake wa koo zilizowekwa wakfu hekaluni na kucheza kwenye mabaraza ya wafalme, vizazi na vizazi. Mpangilio wa onyesho tunaoufuata mpaka leo, kuanzia alaripu ya kufungulia, kupitia varnamu, mpaka tilana ya kufungia, ulipangwa na ndugu wanne wa Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 19, na waliojifunza kwao na kuubeba mwilini ni wanawake hao. Kisha ikaja fedheha. Waingereza na wanamageuzi wa Kihindi wenyewe wakawaita malaya. Miaka ya 1930 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la juu la Kibrahmini, akajifunza ngoma yao, akapanda jukwaani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra mjini Madras, ambao leo ndio Chennai. Mwaka 1947 sheria ya jimbo la Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu mabinti na ngoma yao hekaluni. Katika muda wa miaka michache tu, kitu kilichokuwa aibu kwa binti wa Kantimati kikawa heshima kwa binti wa wakili.

Sitaki kusema uongo kwa ajili ya hasira. Dk. Muthulakshmi Reddy aliyeipigania sheria ile, mama yake mwenyewe alitoka kwenye jamii hiyo, na alijua mabinti walivyokuwa wakiumizwa. Rukmini Devi naye alijenga shule ambayo bila yake mimi nisingepata mwalimu. Yote hayo nayakubali. Ila wanawake waliobeba ngoma mabegani waliambiwa wakae nyumbani, na waliobaki jukwaani walihesabika kwa vidole. Balasaraswati alikuwa mmoja wao, wa ukoo wa wasanii wa Thanjavur, akacheza mpaka uzeeni na hakukubali mapenzi yaondolewe kwenye nyimbo zake ili watu wenye heshima zao wasione haya. Alifariki mwaka 1984.

Na leo, ukitaka kufundisha chuo kikuu kule, kwa kawaida unatakiwa uwe na shahada ya uzamili yenye alama zisizopungua 55 kwa mia, kisha ufaulu mtihani wa taifa unaoitwa NET. Mjukuu wa mcheza ngoma wa hekaluni, aliyeziimba nyimbo za bibi yake tangu utotoni na hana cheti, anabaki nje ya lango. Mimi Mswahili wa Tanga nikapita langoni. Jambo hilo lilinikosesha usingizi, na mpaka leo halijaniachia. Lakini nililijua kwa sababu nilisoma. Mtu mwenye kijiti na kibao peke yake anacheza wimbo wa mwanamke aliyefukuzwa na hajui kwamba alifukuzwa.

Ndiyo maana nasema aende.

Kuna jambo jingine nililipata kule ambalo mama yake hawezi kulijua. Kutoka Baroda, saa chache kwa basi, kuna Ratanpur, kwenye kaburi la walii Bava Gor. Wanaolitunza ni Wasidi, watu wa asili ya Afrika walioishi Gujarat karne nyingi. Ngoma yao wanaiita goma. Nilipolisikia neno hilo nilishika ukuta. Wana ngoma ya kupiga, ya kusimama yenye miguu, wanaiita mugarman, na nyingine wanaiita musindo, na kwetu msindo ni kishindo. Mzee mmoja alinitazama nilivyokuwa natikisa mabega akacheka, akanivuta katikati ya duara. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya Kihindi changu cha sokoni. Nilicheza nilivyocheza kwenye harusi za kwetu, na wakina mama wakapiga vigelegele.

Goma haimo kwenye orodha ya ngoma nane za klasiki zinazotambuliwa na Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya India ya muziki, ngoma na maigizo. Sattriya, ngoma ya jimbo la Assam, iliingizwa mwaka 2000, kwa hiyo orodha inaweza kufunguliwa. Nani anaifungua na kwa vigezo gani, hilo ndilo lililokuwa swali la tasnifu yangu. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya kwanza mara nne. Mara ya nne alikuwa amezungushia duara neno "klasiki" kila nilipolitumia, mara 31, na pembeni ameandika swali moja: la nani?

Najua kuhusu kazi. Hapa kwetu sijaona tangazo la kazi linalodai shahada ya bharatanatyamu, na kodi ya nyumba nailipa kwa kufundisha Kiingereza. Najua pia kwamba wako wanaohitimu kwa tasnifu za kunakili, na walimu wanaosoma madaftari yaliyopauka miaka 20 bila kuinua macho. Miaka miwili ni michache, na cheti hakimfanyi mtu kuwa mchezaji. Lakini mama yule ana watoto wengine wawili waliosomea biashara, wote wako nyumbani wanasubiri kazi, na hakuna aliyewaita upuuzi.

Kama si Baroda, ziko njia nyingine. Hyderabad wana uzamili wa bharatanatyamu na wa kuchipudi, ngoma nyingine ya klasiki, katika chuo kikuu chao, Kolkata kuna Chuo Kikuu cha Rabindra Bharati, Khairagarh kuna chuo kikuu kizima cha muziki na sanaa tangu 1956, na Kalakshetra hutoa stashahada ya juu kwa anayetaka jukwaa kuliko maktaba. Ufadhili wa ICCR, baraza la India la uhusiano wa kitamaduni lililoanzishwa mwaka 1950, unapokea wageni wa ngoma na muziki kama unavyopokea wa uhandisi. Mtu asome masharti vizuri, achague mwalimu kwanza, kisha chuo.

Jana nilimpigia mama simu tena. Nikamweleza habari za Kantimati, taratibu, kama ninavyoziandika hapa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na yule mwanamke, aliwahi kurudi kwao?" Nikamwambia, mama, sijui. Akasema basi mtoto akienda akaulize.

Binti anakuja kwangu Jumamosi asubuhi. Nimetoa meza sebuleni nikapiga deki. Tutaanza na tai-ya-tai, kasi ya kwanza, saa nzima, kwa sababu usaili unaanzia hapo, na nimeona kwenye video aliyonitumia kwamba goti lake la kushoto linapanda.