Jengo la Kale Likilowa: Libomolewe au Likaushwe?

Bomba likipasuka usiku katika jengo la biashara la miaka 80, kunapokucha mwenye jengo huletewa kauli mbili. Mkandarasi anataka kila kilicholowa king'olewe. Mtaalamu wa majengo ya kale anataka mashine za kupunguza unyevu ziwashwe, nyundo zisubiri.

Hoja ya mkandarasi ina uzito. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na bodi ya jasi (gypsum) iliyofunikwa kwa karatasi huilisha vizuri. Mpangaji naye hana subira, maana duka lililofungwa haliingizi kitu. Tena kama maji yametoka chooni au ni ya mafuriko, hakuna mjadala: zulia, bodi na dari laini vyote nje.

Lakini ukuta wa tofali uliopigwa lipu ya chokaa ni kitu kingine. Unanyonya maji, kisha unayatoa polepole bila kuoza, ingawa ukiwa mnene unaweza kuchukua miezi. Mara nyingi kinachouharibu ni matengenezo ya baadaye. Lipu ya saruji na rangi isiyopumua huzuia unyevu usitoke. Chumvi hujikusanya nyuma yake na lipu hubanduka vipande vipande. Watu husema jengo limechoka, kumbe kilichochoka ni kiraka chake. Hapo nyundo naikubali kabisa.

Mbao za zamani nazo hazitaki pupa: zikikaushwa kwa joto kali hupinda na kupasuka. Zikishushwa taratibu hadi unyevu chini ya asilimia 20, kuvu wa kuozesha hawazipati.

Wanaoharakisha kubomoa husahau pia asbesto (nyuzi za madini) kwenye vigae vya sakafu na mabomba, na rangi yenye madini ya risasi: vikivunjwa, vumbi lake ni hatari kwa afya. (Feni za kukaushia nazo hupeperusha vumbi hilo, kwa hiyo upande wa pili usijione salama.) Sampuli zipimwe kwanza.

Kwa maoni yangu, vitu vya kisasa vilivyoongezwa baadaye ving'olewe mapema na kuta za asili ziachwe wazi. Mpangaji anaweza kurudi kazini kuta zikiwa bado hazina lipu, mradi umeme umekaguliwa na hewa inapita. Ataona sura mbaya kwa muda. Rangi isipakwe mpaka kipimo cha unyevu kionyeshe kwamba ndani ya ukuta pamekauka, hata kama uso wake ulikauka zamani.