Kanisa Dogo la Mawe: Tulibomoe au Tuliache?

Nairobi imetambaa hadi milangoni mwa Kikuyu, Kiambu na Limuru. Mashamba yamegeuka ploti, ploti zimegeuka ghorofa, na watu wa ghorofa hizo wanahitaji mahali pa kuabudu Jumapili. Ndiyo maana swali moja halikauki katika vikao vya wazee wa makanisa ya kale ya Kiprotestanti huko pembezoni: jengo hili dogo la mawe tulibomoe tujenge kubwa, au tuliache?

Wanaotaka libomolewe tusiwadharau. Mara nyingi anayesema hivyo ni mzee aliyemwona mama mwenye mtoto mgongoni akisimama nje kwenye manyunyu ya Julai, ibada nzima, kwa kuwa ndani hamna nafasi. Kanisa ni watu, atakwambia, na Maandiko yako upande wake. Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Wamisionari walikuja enzi zile zile ardhi ilipokuwa ikinyang'anywa. Kwa nini basi harambee ya leo itumike kutunza kumbukumbu yao?

Hoja hiyo ilinisumbua kwa muda mrefu, na kilichonisaidia kuipima ni Thogoto, pale karibu na mji wa Kikuyu. Jina lenyewe ni "Scotland" lilivyotamkwa na Wakikuyu. Misheni ya Kiskoti ilihamia huko kutoka Kibwezi mwaka 1898, na ndiko Jomo Kenyatta alikosoma na kubatizwa mwaka 1914. Kanisa la mawe la PCEA, yaani Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, linaloitwa Church of the Torch lilifunguliwa mwaka 1933. Sasa rudi nyuma miaka minne tu. Mwaka 1929 misheni iliwataka waumini waikane tohara ya wasichana, na wengi mno wakaondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao huru. Kwa hiyo aliyeingia katika jengo lile jipya aliingia akijua nani hayupo kwenye benchi: ndugu, jirani, pengine mke. Mimi siwezi kuliita jengo hilo sanamu ya ushindi wa mzungu. Ni nyumba ya jamii iliyopasuka, na ukibomoa nyumba ya namna hiyo unaondoa ushahidi wa waliobaki na wa walioondoka pia.

Murang'a kuna mfano wa wazi zaidi. Katika kanisa kuu la Anglikana lililojengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, msanii Elimo Njau alichora maisha ya Yesu ukutani: Yesu Mwafrika, katika mandhari ya Kikuyu, enzi ya hali ya hatari. Jengo lililosimama chini ya kivuli cha serikali ya kikoloni likatamka jambo ambalo serikali ile isingelitamka. Na mchoro wa ukutani huishi na ukuta wake.

Hata All Saints, kanisa kuu la Anglikana hapa Nairobi, jiwe lake la msingi lilipowekwa mwaka 1917, Nairobi ilikuwa bado mji mdogo wa reli. Temple Moore, msanifu Mwingereza aliyelibuni, hangeweza kuwaza kwamba mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliofukuzwa Uhuru Park kwa marungu na vitoa machozi, wangekimbilia humo. Thamani ile haikuletwa na matao ya Kigothi. Lakini leo ukitaka kumwonyesha mtoto mahali jambo lile lilipotokea, unamwonyesha matao hayo hayo.

Kanisa nilikobatizwa mimi halikubomolewa, lilikarabatiwa, na pengine hilo linaniuma zaidi. Dari ya jipsamu ilifunika mbao za paa, ambazo nilizihesabu utotoni mahubiri yakirefuka. Madirisha ya mbao yakang'olewa, yakaja ya alumini. Kisha kuta za mawe zikapigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Mawe yetu ya huku ni laini, hunywa maji na kuyatoa. Ukiyafunika kwa saruji, maji hukwama ndani na jiwe huanza kumenyeka. Misimu michache ya mvua ilitosha. Rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na wazee wakaitisha mchango mwingine wa rangi. Nia ilikuwa njema kabisa. Hapakuwa tu na fundi hata mmoja aliyeulizwa kuhusu plasta ya chokaa, ambayo huliacha jiwe lipumue.

Hapo ndipo naona upande wa uhifadhi nao una deni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo litangazwe katika gazeti rasmi la serikali kuwa la kulindwa, na baada ya hapo huligusi bila kibali. Lakini kutangazwa peke yake hakununui vigae wala hakumlipi mwashi. Mzigo unawabakia washirika, wale wale wanaochangia karo za mayatima na gharama za mazishi. Na PCEA ni kanisa lililochagua neno "Jitegemea" kuwa wito wake, huku kiongozi wake, Mchungaji John Gatu, akiwataka wafadhili wa ng'ambo wasitishe misaada yao kwa muda tangu mwaka 1971. Ukiwaambia watu hao wangoje fedha za ng'ambo ili paa lisivuje, unawaambia warudi walikotoka.

Hata hivyo nimeegemea upande wa kuliacha jengo. Pale penye uwanja, ukumbi mkubwa ujengwe kando, wa chuma na mabati kama fedha ndizo hizo, na la zamani libaki na ibada ya alfajiri, ubatizo, na harusi ndogo. Kanisa lisilotumika huanza kufa kwenye mifereji ya paa, kwa majani ambayo hakuna anayeyatoa. Pale pasipo na uwanja, lipanuliwe kwa nyuma, ukuta wa mbele na paa lake viachwe.

Na kabla ya mchango wowote, mtu aende na daftari kwa wazee waliobaki, aulize ni nani waliochonga mawe yale. Kwetu, kibao cha mlangoni kina jina la mmisionari peke yake. Babu mmoja wa kijiji alinitajia waashi wanne, na nafasi ya kuwaandika chini yake ipo.