Ubaya haukuwa jumla, ulikuwa gunia

Mwaka 1915, mwenye sinema wa mji mdogo wa Marekani aliyetaka picha (filamu) za nyota Mary Pickford alilazimika kubeba na nyingine nyingi. Paramount iliuza msimu mzima kwa pamoja: Pickford chambo, nyuma yake msururu wa picha ambazo nyingine zilikuwa hata hazijapigwa. Mwenye sinema alisaini kwa kuamini jina la studio na mdomo wa wakala. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pickford mwenyewe hakupenda kubebeshwa picha za wenzake. Mwaka 1916 zake zikahamishiwa Artcraft, tawi lililoundwa ili ziuzwe kivyake. Na mwaka 1921 serikali iliishtaki kampuni ya Adolph Zukor, Famous Players-Lasky, iliyoimiliki Paramount.

Hata hivyo, siwaoni wenye sinema kama kondoo waliopelekwa machinjioni. Ukumbi mdogo ulibadilisha picha mara kadhaa kwa wiki. Nani angekaa kupatana bei ya moja moja mwaka mzima? Mkataba wa jumla ulimhakikishia kwamba Jumatatu kipo cha kuonyesha.

Tena studio haikumwacha mikono mitupu. Picha ilikuja na kijitabu cha matangazo: habari zilizokwisha kuandikwa, apeleke tu kwa mhariri wa gazeti la mjini zichapwe zilivyo, bei za mabango, makubwa kwa madogo, hata mbinu za kupamba mlango. Kwa mwenye ukumbi aliyeuza tiketi mwenyewe, akapiga debe na kuhesabu senti usiku, huo ulikuwa msaada wa kweli. Ila kijitabu kilisifu picha nzuri na mbovu kwa maneno yaleyale.

Ndiyo maana safu ya jarida la Exhibitors Herald la Chicago, iliyoanza 1916, ilipendwa mno. Humo wenye sinema waliambiana wenyewe picha gani ilijaza viti na ipi iliwafukuza watu. Lakini aliyekwisha kusaini msimu mzima aliisoma kama salamu za rambirambi.

Kwangu hapo ndipo penye kosa: kununua bila kuona, si kununua nyingi. Mwaka 1940 studio tano kubwa zilikubali kuuza picha zisizozidi tano kwa mkupuo, na mnunuzi aonyeshwe kwanza. Miaka minane baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa mafungu wenyewe.