Wilaya Inapoandika Malengo ya Muhula wa Kwanza

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) likishatangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, PLE, ambayo kwa kawaida hutoka mwezi wa Januari, ofisi za elimu za wilaya huingia katika shughuli ambayo sasa imekuwa kama ada. Walimu wakuu huitwa, majedwali ya divisheni, yaani makundi ya ufaulu, hubandikwa ukutani, shule zilizofanya vizuri hupigiwa makofi, zilizoanguka hutakiwa kujieleza, na kabla chai ya saa nne haijapoa malengo ya mwaka mpya yamekwisha kuandikwa: divisheni ya kwanza ziongezeke, wanaofeli kabisa wapungue, wilaya ipande katika orodha ya taifa. Muhula wa kwanza ukifika katikati, taarifa ya maendeleo hupelekwa mbele ya baraza la wilaya, nayo hueleza darasa la saba limefanya mitihani mingapi ya majaribio na shule ngapi zimekaguliwa.

Swali ninalotaka kulichambua ni kama malengo ya namna hiyo yanawasaidia watoto kujifunza, au yanaisaidia wilaya kuonekana kwamba inafanya kazi. Nina maoni yangu, na nitayasema, lakini wanaotetea PLE wana hoja nzito kuliko wakosoaji wengi wa mitihani wanavyokubali, kwa hiyo ni haki tuanze nao.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba PLE ndicho kipimo pekee ambacho kila shule hupita, iwe ya serikali au ya binafsi, ya mjini au ya kisiwani, na husahihishwa na watu wasioijua shule wala mtoto. Mzazi wa sokoni Busia, mpakani na Kenya, ambaye hakuwahi kukaa darasani anaelewa kabisa kwamba jumla ya 12 katika masomo manne ya mtihani ni habari njema na jumla ya 30 ni habari mbaya, ingawa hesabu yenyewe imegeuzwa, ndogo ikawa ndiyo bora. Ukimwondolea mzazi huyo PLE, unamwacha mikononi mwa taarifa za maofisa, na taarifa za maofisa hazijawahi kukosa sifa. Hoja ya pili ni kwamba nafasi ya kidato cha kwanza hutolewa kwa matokeo hayo hayo, kwa hiyo mwalimu mkuu anayewakazania watoto wa darasa la saba anawapigania katika mlango ambao hawana njia ya kuuzunguka. Hoja hizi sizipuuzi.

Hata hivyo lengo la PLE lina kasoro ambayo haiondolewi kwa bidii wala kwa nia njema. Mtihani hufanywa Novemba na matokeo hutoka Januari, maana yake lengo lililoandikwa Februari haliwezi kupimwa mpaka mwaka uwe umekwisha, walimu wengine wamehamishwa na watoto waliohusika wameondoka shuleni. Taarifa ya maendeleo ya muhula wa kwanza inabaki haina maendeleo ya kutaarifu. Inahesabu shughuli: semina, ziara, mitihani ya majaribio. Mtoto kujua kusoma ni jambo lingine, na halimo.

Kasoro kubwa zaidi ni ya wale wasiofika. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, ulipoanza Januari 1997, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi ziliyatamani. Lakini kati ya watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo, ni chini ya robo moja waliofika darasa la saba mwaka 2003. Wilaya inayojipima kwa asilimia ya waliofaulu PLE inajipima kwa waliobaki, na hapo ndipo kipimo kinapoanza kuwadhuru watoto badala ya kuwatumikia. Kundi la wachumi, akiwamo Derek Neal, lilifanya jaribio katika shule za vijijini Uganda la kuwapa walimu wa darasa la sita bakshishi kulingana na maendeleo ya kila mtoto, aliye juu na aliye chini, akilinganishwa na wenzake wa kiwango chake katika shule nyingine. Walianza na jambo ambalo walimu wenyewe hulijua: shule huwashawishi watoto dhaifu warudie darasa au waache shule kabla ya darasa la saba, wasije wakaichafulia shule matokeo. Jaribio halikupandisha alama za hisabati kwa jumla, lakini watoto waliokuwa bado wanahudhuria miaka miwili baadaye walipanda kutoka asilimia 56 hadi 60, na katika shule zenye vitabu vya hisabati kutoka 57 hadi 64. Mwalimu alipoambiwa kwamba aliye nyuma naye anahesabiwa, akawa na sababu ya kumshika. Nimeona wachambuzi wakiusoma utafiti huu kama hoja ya kuwalipa walimu bakshishi. Mimi naona unasema zaidi kuhusu nani anahesabiwa, na kuhusu vitabu, ambavyo vilifanya kazi yake kimya kimya bila semina yoyote.

Je, wilaya ina uwezo gani wa kubadili mambo? Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliziweka shule za msingi za serikali chini ya wilaya: Tume ya Utumishi ya Wilaya huajiri walimu, Ofisa Elimu wa Wilaya huwasimamia na kuwapanga, na mkaguzi wa wilaya huzunguka shuleni. Mishahara, mtaala, ukomo wa idadi ya walimu na kiwango cha ruzuku huamuliwa Kampala. Ruzuku ya UPE imekuwa ikizungukia shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka. Ukiigawa kwa mihula mitatu hupati shilingi 7,000, na humo mna chaki, mitihani, michezo, ukarabati mdogo, na kwa hakika nauli ya mwalimu mkuu kwenda kwenye ule mkutano wa malengo. Wilaya haiwezi kuahidi inachokiahidi Wizara. Lakini nani afundishe darasa la kwanza, mkaguzi atazame nini akifika shuleni, na matokeo gani yabandikwe ubaoni ili wazazi wayaone, hayo ni maamuzi ya wilaya, wala hayangoji bajeti mpya.

Ndiyo maana naunga mkono wanaotaka lengo kuu la muhula wa kwanza lihamie chini, kwenye darasa la tatu, na liwe la kusoma. Tangu 2007 mtaala wa madarasa matatu ya mwanzo unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, darasa la nne likiwa la kuvuka kwenda Kiingereza. Kwa kuwa watoto hupandishwa darasa moja kwa moja, asiyejua kusoma darasa la tatu atavuka tu, na kuanzia hapo atakuwa anasikiliza sayansi kwa lugha asiyoijua, kutoka ubao asioweza kuusoma. Kumfanyia mtihani wa majaribio miaka minne baadaye ni kumkagua tu.

Wanaopinga wanasema lengo hilo ni la wafadhili, linang'aa mradi ukiwepo na kuzimika mradi ukiondoka. Hapa wana ushahidi, na ni ushahidi wa Uganda. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, mradi wa Mango Tree uliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa Leblango, lugha ya huko, walimu wakapata mafunzo ya kina, vifaa vya kutosha na watu wa kuwafuatilia darasani. Wachunguzi Jason Kerwin na Rebecca Thornton waliona watoto wamepiga hatua kubwa katika kusoma kwa mwaka mmoja. Kisha kulikuwa na toleo la bei nafuu, lililopitia kwa wakufunzi wa serikali waliofundishwa ili wakafundishe wengine, na baadhi ya vifaa, kama vibao vya kuandikia, vikaondolewa. Toleo hilo lilileta faida ndogo katika kusoma, na katika baadhi ya vipengele vya kuandika watoto wake waliachwa nyuma hata na wale ambao hawakupata mradi wowote. Ofisa wa wilaya anayesoma habari hizi anapaswa kuingiwa na hofu kidogo, kwa sababu toleo la bei nafuu ndilo analoweza kulimudu: semina ya siku mbili, mwalimu mmoja kutoka kila shule, kisha arudi awafundishe wenzake.

Somo ninalolichukua ni kwamba lengo la kusoma lisisambazwe shule zote za wilaya Februari kwa waraka mmoja. Shule chache zenye mwalimu wa darasa la kwanza aliyetulia, vitabu na mtu wa kumtembelea kila baada ya wiki mbili zina faida kuliko shule mia zilizopokea semina. Kisiasa hilo ni gumu, kwa kuwa kila diwani atauliza kwa nini si kwake.

Ugumu wa lugha nao huwaponyoka wanaoandika mipango wakiwa mbali. Chukua Busia, au Tororo: darasa moja karibu na mpaka linaweza kuwa na watoto wa Kisamia, wa Kiteso, wa Kijopadhola na wa Kisoga, na wengine ambao nyumbani wanaongea Kiswahili kwa sababu mama anafanya biashara Malaba, mji wa mpakani, na baba ni dereva wa malori. Bodi ya lugha ya wilaya ikichagua lugha moja, inawaacha wengine. Shule ikikimbilia Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kama nyingi za mjini zinavyofanya, inawaacha wote kwa usawa. Sisi tunaosoma Kiswahili tungependa sana kusema jibu ni Kiswahili, hasa baada ya Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa mtoto wa Malaba huenda likawa jibu. Kwa mtoto wa kijijini Tororo ambaye hajawahi kukisikia nyumbani, Kiswahili ni lugha ngeni kama Kiingereza, na walimu wa kukifundisha bado ni wachache. Wilaya yenye lugha nyingi isizilinganishe shule zake kwa kasi ya kusoma, maana maneno ya lugha moja ni marefu kuliko ya nyingine. Kila shule ilinganishwe na yenyewe, Februari na Aprili.

Kuhusu mahudhurio ya walimu nitakuwa mfupi. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika siku ya kawaida takriban robo ya walimu hawakuwepo shuleni, na waliokuwepo hawakuwa wote darasani. Mfumo wa TELA, ambao mwalimu hujiandikisha kwa simu ya shule, unaweza kumwonyesha mkaguzi nani amefika. Hauonyeshi nani amefundisha, na mwalimu wa msingi aliyeshuhudia mwaka 2022 walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada wakipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi hatapata moyo kwa sababu ya simu.

Chakula kina uzito zaidi ya simu. Muhula wa kwanza huangukia msimu wa mvua na kupanda, ghala zikiwa zimepungua na mavuno yakiwa bado, na watoto wakihitajika shambani. Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto, na wakati huo huo inazuia shule za UPE kutoza mchango wa lazima. Mwalimu mkuu akiomba debe la mahindi kwa kila mtoto, kuna atakayemshitaki. Asipoomba, nusu ya darasa hairudi baada ya adhuhuri. Sioni wilaya ikilitatua hili peke yake, lakini inaweza kupanga masomo ya kusoma yafanyike asubuhi, kabla ya njaa, jambo ambalo halina gharama.

Kuna pingamizi moja la mwisho ambalo linanisumbua. Lengo la darasa la tatu nalo linaweza kuchakachuliwa: watoto wakakaririshwa kifungu kimoja, dhaifu wakaambiwa wasije siku ya kipimo, mwalimu mkuu akaandika apendacho. Kinga ninayoiona ni walimu wa shule moja kwenda kuwasikiliza watoto wa shule nyingine, na matokeo kubandikwa mahali wazazi wanapoyaona. Uganda ina uzoefu wa kubandika. Kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini na kwenye milango ya shule kiasi kilichotumwa, sehemu inayofika ilipanda sana, ingawa wachambuzi wengine wanasema mageuzi ya bajeti ya wakati huo nayo yalichangia. Pesa ni rahisi kuhesabu kuliko kusoma, najua, na mzazi asiyejua kusoma hawezi kukagua anayesoma. Lakini anaweza kuuliza kama mtoto wake alisikilizwa.

Baraza la wilaya litakapoletewa taarifa ya muhula wa kwanza, ningetaka diwani mmoja aulize hivi: kati ya watoto wa darasa la tatu waliosikilizwa wakisoma Februari, wangapi wamesikilizwa tena Aprili? Ofisa akijibu kwamba baadhi hawakupatikana, asiruhusiwe kuwafuta kwenye hesabu, maana hao ndio ambao, miaka minne kutoka sasa, hawatakuwemo katika jedwali la PLE, na asilimia ya wilaya itaonekana nzuri kwa sababu hiyo hiyo.