Hasla, wilbaro na demokrasia ya Kenya

Watu wengi wakisikia populizimu, yaani siasa ya kujitangaza mtetezi wa wananchi wa kawaida dhidi ya wakubwa, wanarukia kusema ni kudanganya maskini, yaishe. Mi naona tusikimbie hivyo. Ernesto Laclau, mwanafikra wa Argentina, alieleza kwamba vilio vilivyotawanyika vikikosa wa kuvisikiliza huwa vinaungana chini ya jina moja vikawa nguvu ya kisiasa, na ukiangalia uchaguzi wa urais Kenya 2022 ndivyo ilivyokuwa, mama mboga hana mtaji, wa bodaboda anahangaishwa na polisi, mkulima mbolea imemshinda, wote wakawa mahasla, yaani watu wa kuhangaikia riziki. William Ruto, aliyeshinda urais kwa jina hilo, mwenyewe alikuwa naibu rais tangu 2013, tena tajiri, lakini akasukuma wilbaro, alama ya chama chake, kama mtu wa nje, na Mlima Kenya wakampa kura huku Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa anaondoka na mtu wao kabisa, akiwaambia wachague mpinzani wake Raila Odinga! Sisemi ukabila uliisha, Rigathi Gachagua, wa Mlima Kenya, hakuwekwa mgombea mwenza wa Ruto kwa bahati tu, ila kampeni zilijaa mtaji na bei ya unga, na hiyo kwa demokrasia si haba.

Sasa upande wa pili. Jan-Werner Müller wa Ujerumani anasema shida ya populisti ni kudai yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi, kwa hiyo anayempinga lazima awe adui au kanunuliwa. Ruto alishinda kwa 50.49%, yaani karibu nusu ya kura hazikuwa zake, lakini korti zilipokwamisha ushuru wa nyumba na bima mpya ya afya, Januari 2024 akaanza kushambulia majaji, eti kuna wafisadi wanatumika kuzuia maendeleo. Hapo Müller kapatia.

Lakini Juni 25, 2024 inanitatiza, manake vijana walioingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, wengi wao ni walewale wa kuitwa mahasla, hawana chama wala kinara, na kesho yake Ruto akakataa kuusaini. Ile hasira aliyoichochea dhidi ya wakubwa ilimgeukia yeye. Müller hana sana la kusema hapo, Laclau analo.

Na wanaoibebesha populizimu damu ya maandamano yale, makumi waliuawa, nao wanapitiliza kidogo. Polisi wa Rais Moi walipiga watu risasi Saba Saba 1990, kwenye maandamano ya kudai vyama vingi, na hakukuwa na hasla wala wilbaro.